Takwimu za Mara: Zikae Wapi na Zitajwe Vipi



Mwaka 1927 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alitumwa kulichunguza Ziwa Viktoria, kwa kuwa ngege, samaki aliyependwa na kutafutwa kuliko wote katika siku zile, alikuwa akipungua katika nyavu. Alilizunguka ziwa mwaka ule na mwaka uliofuata, akahesabu samaki walionaswa na kila wavu, akapima upana wa macho ya nyavu zenyewe, na mwaka 1929 taarifa yake ikapigwa chapa, pamoja na shauri lake kwamba wavu wenye macho ya chini ya inchi 5 usiruhusiwe. Shauri hilo lilikuwa na kisa chake kirefu, nami sikusudii kukieleza leo. Nalotaka mlitazame ni hili: karibu miaka mia imepita, Graham amekwisha kufa, waliompigia kasia wamekwisha kufa, ngege mwenyewe ameadimika, na hata hivyo mtaalamu yeyote wa samaki, awe Jinja au Mwanza au Leiden kule Uholanzi, anapotaka kusema neno juu ya hali ya ziwa kabla sangara hajatiwa ndani yake, huirejea taarifa ile, hulitaja jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, na msomaji wake mwenye shaka huweza kwenda akaifungua kwa mkono wake mwenyewe na kuona kama alilotajiwa ni kweli au si kweli.

Sasa shukeni nami mpaka mwaloni, Mwigobero hapa Musoma mjini, au Guta kule Bunda, alfajiri mitumbwi inapotia nanga. Mtamkuta mpimaji amesimama na mizani ya kuning'inia, kalamu sikioni na fomu juu ya ubao. Anauliza chombo kilikuwa na wavuvi wangapi, nyavu ngapi, macho ya inchi ngapi, kiliingia ziwani saa ngapi. Sangara anawapima kwa kilo, sato anawatenga kando, dagaa anawahesabu kwa ndoo huku akinamama wenye beseni wakimhimiza afanye haraka jua lisije likawaharibia mali yao. Kazi hii ni ilimu kamili. Nathubutu kusema ya kuwa fomu ile, yenye harufu ya samaki na tone la maji kwenye pembe, ina thamani sawa na daftari la Graham. Lakini baada ya kutiwa sahihi husafiri kwenda halmashauri, hujumlishwa na nyingine, na jumla hiyo hujumlishwa tena na jumla za mialo mingine, na mwisho wa safari, aghalabu baada ya miaka, tunaletewa mstari mmoja katika jedwali, au nguzo moja ya rangi katika mchoro, na hakuna awezaye kuufuata mstari ule kurudi nyuma mpaka kwenye asubuhi ile, mtumbwi ule na ndoo zile.

Kadhia ninayoizungumza leo ni hiyo: data za utafiti zinazokusanywa katika mkoa wetu wa Mara zipatikane kwa urahisi, na zikishapatikana ziweze kutajwa kwa namna ambayo mwingine akizitafuta atazikuta palepale zilipotajwa. Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wasomi na hayamhusu mkulima wa pamba wa Bunda wala mvuvi wa Majita. Mimi siafikiani nao. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 yakaingia katika nyumba na mashamba, watu wa pwani yetu waliulizana maji haya yatafika wapi, na wazee wakakumbuka yale ya mwanzo wa uhuru. Kumbukumbu yao ilikuwa sahihi. Lakini iliyoweza kulinganishwa, mita kwa mita, ni ile ya kipimo cha Jinja, ambacho kimesomwa na kuandikwa tangu mwisho wa karne ya 19, na ambacho kinaonyesha kwamba baina ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Anayejenga ghala la samaki ufukweni anaihitaji tarakimu hiyo kuliko profesa yeyote.

Wala kutaja asili ya habari si jambo lililoletwa kwetu juzi na vyuo vya Ulaya. Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi waliosoma vyuoni wanajua kwamba katika elimu ya hadithi maneno hayapokelewi mpaka isnadi yake ijulikane, yaani fulani kasikia kwa fulani, naye kasikia kwa fulani, na kwamba Imamu Bukhari, aliyeishi katika karne ya 9, alizipima habari kwa kuwapima waliozichukua. Na huku kwetu bara, ambako msikiti na kanisa vilichelewa, mzee wa Kizanaki au wa Kiikizu akisimulia walikotoka watu wa ukoo wake hukutajia kwanza nani alimsimulia, na kama alikuwa baba yake au mjomba wake, na kama huyo aliyaona au aliyasikia. Msikilizaji mwenye adabu huviweka vyote viwili akilini, kisa na mwenye kisa.

Nitawapa mfano mwema wa jambo hili. Mwanahistoria wa Kimarekani, Jan Bender Shetler, alifanya utafiti wake katika Mara ya kusini katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 akatoa kitabu ambacho ndani yake mna tarihi zilizoandikwa na wenyeji wa mkoa huu wenyewe, kwa Kiswahili chao pamoja na tarjuma ya Kiingereza, majina yao yakiwa juu ya kazi zao. Katika kitabu kilichofuata, cha mwaka 2007, kuhusu namna watu wa magharibi ya Serengeti walivyoikumbuka nchi ile kabla haijawa hifadhi, kila neno alilolipata kwa mzee limewekewa jina la mzee, kijiji na tarehe ya mazungumzo. Mjukuu wa mzee huyo, akiwa anajua kusoma Kiingereza, anaweza leo kumkuta babu yake katika ukurasa. Baadaye sehemu ya nyaraka alizozikusanya ikawekwa katika maktaba ya kidijitali ya urithi wa mkoa wa Mara, mahali ambapo mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kuzifikia. Hivyo ndivyo deni linavyolipwa.

Kuna mfano wa pili, wa kikoloni, nao nautaja bila ya kuupamba. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika mwaka 1945 waraka juu ya utaratibu wa makabila ya Musoma kabla ya kuja kwa Wazungu. Makusudio ya waraka yalikuwa kuisaidia serikali kututawala, na yapo mambo ndani yake ambayo mzee wa leo atayakana. Lakini karatasi za Cory zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila faili lina namba yake, na namba hiyo haikubadilika pamoja na kubadilika kwa bendera, mawaziri na wakutubi. Ndiyo maana tunaweza kugombana na Cory kwa insafu: wewe unataja faili, mimi nalifungua, tunalisoma pamoja. Wangapi wamefanya utafiti mwema kuliko wake baada ya uhuru, katika vijiji vilevile, na hatuwezi hata kugombana nao kwa kuwa karatasi zao hazijulikani ziko kabati gani?

Kijana mmoja wa chuo, mzaliwa wa Bunda, alinieleza mkasa wake. Alikuwa akiandika juu ya uvuvi katika Ghuba ya Speke, akakuta makala iliyojibu nusu ya swali lake, na mwishoni mwa makala pameandikwa kwamba data zitatolewa kwa atakayeziomba. Akaziomba. Barua pepe yake ikarudi kwa kuwa anwani ile ilikuwa imekwisha kufa; akamwandikia mwandishi wa pili, naye akajibu kwa upole kwamba data zilikuwa katika kompyuta ya mwenzake. Kijana akakopa nauli, akaenda mialo ileile, akawauliza watu walewale maswali yaleyale. Nimewasikia wavuvi wakinung'unika kwamba wamechoka kuulizwa, na mara nyingine hujibu lolote ili muulizaji aondoke. Ama mimi siwalaumu.

Sasa tuingie Serengeti, maana huko, katika mkoa wetu huuhuu, jambo hili limefanywa kwa ustadi ambao ulimwengu umeuiga. Tangu mwaka 1966, alipoanza mtafiti George Schaller, simba wa Serengeti wamekuwa wakifuatwa mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na kadi yake yenye picha ya uso, na kinachowatofautisha ni mpangilio wa vidoa vilivyo kwenye mizizi ya sharubu zao, ambavyo havibadiliki tangu utoto mpaka kufa. Simba atahama kundi, atapoteza jicho, manyoya ya shingo yatakuwa meusi, lakini vidoa vya sharubu ni vilevile, na mtafiti aliyezaliwa baada ya kadi kuandikwa atamtambua. Kila fungu la data lingefaa kupewa vidoa vya namna hiyo.

Na lipo fungu lililokwisha kupewa. Kuanzia mwaka 2010 Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake waliweka kamera 225 zinazopiga picha zenyewe pale mnyama anapopita mbele yake, katika eneo la kilomita za mraba 1,125 katikati ya hifadhi. Mpaka mwaka 2013 zilikuwa zimepiga mafungu ya picha milioni 1.2. Nani angezitazama zote? Wakaziweka wazi katika intaneti, na watu zaidi ya 28,000, wengi wao hawajapata kukanyaga Afrika, wakakaa nyumbani mwao jioni wakibainisha huyu nyumbu, yule pundamilia, yule fisi. Sehemu kubwa ya picha haikuwa na mnyama yeyote: nyasi ziliyumbishwa na upepo zikaidanganya kamera. Yalibaki mafungu 322,653 yenye wanyama, wa aina 40. Na mwaka 2015, badala ya kuandika makala ya matokeo na kuzificha picha, waliandika makala ambayo shabaha yake ni kuzieleza data zenyewe: zilipatikanaje, zina upungufu gani, kila safu ya jedwali maana yake nini, wajitoleaji walikosea mara ngapi walipolinganishwa na mabingwa. Data wakaziweka katika ghala la kidijitali liitwalo Dryad, zikapewa namba ya kudumu.

Namba hiyo, wasikilizaji, haipendezi kuisoma redioni. Huanza na 10, halafu nukta, halafu 5061, ambayo ni alama ya ghala lenyewe, halafu mkwaju, halafu herufi na tarakimu zisizo na maana kwa mwanadamu. Ubaya wake ndio uzuri wake. Anwani ya kawaida ya intaneti huonyesha mahali, na mahali hubadilika, ofisi ikibadili jina au mwenye tovuti akikosa kulipa ada. Namba ya kudumu huonyesha kitu, na ghala likihama, mwenye ghala hulazimika kuandikisha makao mapya, namba ikabaki ileile. Chombo cha mataifa kinachosimamia namba za namna hii kwa ajili ya data, DataCite, kilianzishwa London mwaka 2009, na leo hata mtafiti mmoja asiye na taasisi anaweza kuipata bila ya malipo katika ghala la Zenodo, lililofunguliwa mwaka 2013 na maabara ya CERN iliyo Geneva.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 2018 wataalamu wa kompyuta walizichukua picha za mradi uleule, zilizokuwa zimefikia milioni 3.2, wakaifundisha mashine kuwatambua wanyama, mashine ikafikia usahihi uliolingana na wa wale wajitoleaji. Katika makala yao waliitaja kazi ya waliotangulia kwa jina na namba. Nakiri kwamba naona ghera kidogo: mnyama wa Serengeti anajulikana kwa namba Marekani na Ulaya, na ndoo ya dagaa ya Guta, ambayo ndiyo kitoweo cha nusu ya mji huu, haina namba popote.

Msidhani kwamba kinachokosekana ni mitambo. Kwanza hukosekana jina. Nimeona katika ofisi zetu majalada ya kompyuta yaliyoitwa "data mpya", na pembeni yake "data mpya ya mwisho", na chini yake "ya mwisho kabisa 2", na aliyeyaita hivyo amekwisha hamishwa. Kisha hukosekana maelezo: safu imeandikwa "uzito", lakini ni uzito wa samaki mzima au aliyekwisha kupasuliwa? Kwa kilo au kwa ndoo, na ndoo ya lita ngapi? Mtu aliyekuwapo anajua. Mtu wa miaka kumi baadaye atakisia, na kukisia ndiko kunakoharibu sayansi kimyakimya. Mtazameni mwenzetu wa sensa. Nikiwaambia kwamba sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Mara na watu 1,743,830 na ile ya 2022 ikaukuta na watu 2,372,015, kila mmoja wenu anajua pa kwenda kunihakiki, kwa kuwa tarakimu hizo zina mtoaji, mwaka na kitabu. Kanuni zilizoandikwa na jopo la wataalamu wa nchi nyingi mwaka 2016 hazidai mengi zaidi ya hayo: data zipatikane, zifikike, ziweze kusomeka pamoja na nyingine, na ziweze kutumiwa tena.

Iko hadhari moja, nayo si ndogo. Kuanzia mwaka 2002 katika wilaya ya Serengeti watafiti wa kichaa cha mbwa walifuatilia ugonjwa ule nyumba kwa nyumba, wakianzia na daftari za zahanati zenye majina ya watu waliong'atwa, wakaenda kwa aliyeng'atwa, kisha kwa mwenye mbwa, kisha kwa mbwa aliyemng'ata mbwa yule. Kazi hiyo imewafunza walimwengu kwamba kichaa kinaweza kukomeshwa kwa kuchanja mbwa wa kutosha. Lakini ni nani atakayeridhika jina la mwanawe na ugonjwa wake liwekwe peupe ili sayansi ipendeze? Nchi yetu imekwisha kutunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mwaka 2022, na sheria hiyo haikatazi utafiti. Inataka jina la mgonjwa lifichwe na mwenye data ajue dhamana yake. Hata data zilizofungwa zinaweza kuwa na maelezo yaliyo wazi na namba ya kudumu, ili ijulikane zipo, ni za nini, na funguo anazo nani. Mzee anayesimulia historia aghalabu anataka atajwe. Mama aliyeng'atwa na mbwa hataki. Waulizwe wote wawili, mapema, kwa lugha wanayoielewa.

Nifikie shauri langu. Butiama pana Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na pana makao ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kilichopewa jina lake. Mtu aliyezaliwa katika kijiji kile alisisitiza maisha yake yote kwamba elimu ni amana ya wale waliomlipia mwanafunzi asome. Sioni mahali palipo bora zaidi pa kuweka nakala ya kila data iliyokusanywa katika mkoa wa Mara. Nasema nakala, wala siombi Dryad au Minnesota warudishe kitu. Vitu vya kidijitali vikikaa pawili ni salama kuliko vikikaa pamoja, na umeme wetu tunaujua. Mtafiti wa nje anayetaka kufanya kazi nchini hupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia kupata kibali. Basi na iwe desturi kwamba anayepewa kibali cha Mara, kabla hajafunga sanduku lake, ameacha Butiama jalada lenye jina linaloeleweka, ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, na namba ya kudumu. Chuo nacho kiajiri mtunzaji mmoja ambaye kazi yake yote ni hiyo, wala asiwe mwalimu aliyetwishwa shughuli hii juu ya vipindi ishirini.

Na fomu za mwaloni je? Hizo ndizo ningeanza nazo. Chukua za mwalo mmoja, za mwaka mmoja, zinakiliwe kwa uangalifu, majina ya wenye mitumbwi yaondolewe, na majina ya wapimaji yabaki, kwa ridhaa yao, maana wao ndio waandishi. Kisha mwanafunzi wa Makerere au wa Muscat anayezitumia ataandika chini ya ukurasa wake hivi: wapimaji wa mwalo wa Guta, kwa majina yao, mwaka, samaki walioshushwa Guta, siku kwa siku, toleo la kwanza, Butiama, na mwisho ile namba mbaya inayoanza na 10.